Kiandutu Katika Ombi la Ufadhili
Wahitimu wa uzamifu wanaotaka ufadhili wa utafiti ng'ambo hukimbilia fomu. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwombaji awe kwanza amepata mwenyeji, yaani msomi wa huko aliyekubali kumpokea. Msomi huyo havutwi na sifa tupu. Huvutwa na swali. Nalo swali tunalo hapa Thika: mtaani Kiandutu, Kikuyu, Kikamba na Kiswahili hukutana kila siku penye vibanda na mifereji ya maji. Hata hivyo, katika rasimu ninazoletewa (na hili hunikera) ni nadra kuelezwa wakazi watarudishiwa nini. Mwombaji na aahidi nakala ya Kiswahili kwa shule za karibu, kabla matokeo hayajachapishwa Bayreuth au Leipzig.