Akili Inapokimbia Mateso: Kumtafuta Msaidizi wa Kweli

Labda katika jamaa yako yuko mtu wa namna hii. Anapika chakula, mara anatazama mbali, wala haitiki akiitwa. Au anasema kwa sauti ya mtoto mdogo, na kesho yake hakumbuki hata neno moja. Mwingine anajikuta katika njia ya Mangina bila kujua alivyotoka Beni. Mwingine husema, "Ninajitazama kwa mbali, kama mwili huu si wangu."

Watu husema upesi: amelogwa, ana pepo. Sikiliza kwanza.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Mateso yakizidi nguvu za mtu, naye hawezi kukimbia kwa miguu, akili yake hukimbia. Huyafungia mambo yale chumbani na kufunga mlango. Wakati wa hatari jambo hili humlinda. Lakini baadaye mlango hufunguka na kufungwa bila yeye kutaka, na huo ndio ugonjwa. Mara nyingi mzizi wake ni mateso ya utotoni. Na hapa kwetu tumeona mengi: mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014, kisha Ebola tangu 2018 hata 2020.

Huko Mbarara, Uganda, wachunguzi waliwauliza watu waliosemekana kushikwa na pepo. Mwaka 2010 walitangaza kwamba watu hao walikuwa wamepatwa na mateso mazito kuliko wenzao. Basi usiulize tu, "Ana pepo gani?" Uliza pia, "Amepatwa na nini?"

Aende wapi?

Kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Malaria kali, kifafa na upungufu wa sukari katika damu huweza kufanana na ugonjwa huu, muuguzi apime. Kisha mwombe barua ya kwenda hospitali kuu, Beni au Kitatumba huko Butembo, na uulize habari za mwanasaikolojia, yaani mtu aliyejifunza kutibu kwa mazungumzo. Mwanamke aliyenajisiwa aweza kwenda FEPSI, Butembo. Goma iko hospitali ya magonjwa ya akili, Tulizo Letu. Lakini uliza habari za njia kabla ya kuondoka.

Utamjuaje msaidizi wa kweli?

1. Hana haraka. Hakulazimishi kusimulia yote siku ya kwanza. Kwanza hukufundisha kujituliza: kupumua polepole, kukanyaga ardhi kwa nguvu, kutaja vitu unavyoviona. Habari za mateso huja baadaye.

2. Hutunza siri.

3. Hasemi kwamba kidonge kitamaliza yote. Hakuna dawa inayoponya ugonjwa huu peke yake. Vidonge husaidia usingizi au huzuni.

4. Haahidi kuponya kwa siku moja. Kazi hii huchukua miezi, hata miaka.

5. Sauti nyingine ikisema, haicheki wala haigombezi. Humheshimu mgonjwa.

Una ruhusa kumwuliza: "Umekwisha kumtunza mtu wa namna hii? Tutaonana mara ngapi? Bei yake ni gani?" Mtu mwema hakasiriki akiulizwa.

Lakini mkimbie anayefunga wagonjwa kwa mnyororo, anayewapiga, anayewanyima chakula na maji, au anayetaka kubaki na mwanamke peke yake usiku. Akiitwa mfumu au akiitwa nabii, ni mamoja. Mtu aliyeugua kwa kuteswa hataponywa kwa kuteswa tena.

Na sisi wa nyumbani na wa kanisa?

Ombeni pamoja naye, wala msimzuie kwenda hospitali. Msamaria Mwema alifunga vidonda, akampeleka mgonjwa katika nyumba ya wageni, akalipa gharama. Kanisa laweza kulipa pikipiki ya safari.

Akili yake ikienda mbali, msimmwagie maji wala kumshika kwa nguvu. Mwite jina lake polepole. Mwambie, "Uko nyumbani. Leo ni Jumanne. Mimi ni dada yako." Ngoja arudi. Msimulize kwa upole yaliyotokea, bila kumcheka.

Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo. Mleteni hospitali siku ile ile, hata ikiwa usiku, njia ikiwa salama.