Kujitolea Kuandika Miongozo ya Programu Huria

Kila sifa njema ni ya Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Wengi wetu wa Unguja na Pemba tuna vijana Kariakoo, wilayani Ilala, madukani na vyuoni. Tunaulizwa kuhusu programu za kompyuta zinazonakiliwa bila idhini ya wenyewe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Njia ya halali ipo, nayo ni programu huria. Wenyewe wameruhusu zitumike, zinakiliwe na zirekebishwe. Lakini programu isiyo na mwongozo katika lugha ya mtumiaji ni kama kisima cha wakfu kisicho na ndoo.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi na wakaazi wa kata zinazofurika jijini, zikiwemo za Ilala, wakachora mitaro na nyumba katika ramani ya OpenStreetMap. Wakaazi wale hawakuwa mafundi wa ramani. Walielekezwa hatua kwa hatua.

Basi vijana wa msikiti au madrasa wajipange hivi:

1. Wamteue kiongozi mmoja, na wachague kazi moja ndogo. Mfano: kuweka daftari la madeni ya duka kwa LibreOffice. Allah ametuamrisha kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282.

2. Mmoja aandike, na asiyeijua programu aufuate mwongozo bila kusaidiwa. Akikwama, kasoro ni ya mwongozo, si yake.

3. Wakubaliane istilahi. Kitu kimoja kisipewe majina matatu.

4. Waandike tarehe na toleo la programu, na awepo wa kuupitia kila toleo jipya linapotoka. Mwongozo uliopitwa na wakati humpotosha msomaji, na hii ni amana.

5. Wasome masharti ya leseni na wayatimize. Waislamu hushikamana na masharti yao.

Ama ujira, kujitolea ni sadaka, lakini haifai kumbebesha kijana nauli na bando wakati jamaa wana uwezo. Wazee wa msikiti wachangie.

Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo matatu ambayo malipo yake hayakatiki mtu anapofariki. Anayemwezesha muuza duka kuhifadhi haki za watu kwa njia ya halali, tunataraji ameingia humo, ikiwa nia yake ni safi.

Wallahu a'lam.