Fuawe la Kipande cha Reli

Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya, jua litwapo, husikika mlio ambao wazee wa huko walidhani umekwisha kuzikwa pamoja na farasi wa kukokota magari: mlio wa nyundo juu ya chuma chenye moto. Waupigao si wahunzi kwa kazi yao ya kila siku. Mmoja ni karani, wa pili ni dereva wa lori, wa tatu mwalimu wa hesabu. Mchana kila mtu yuko kazini kwake. Jioni huvua koti, akafunga aproni ya ngozi, akavukuta moto nyuma ya nyumba. Hawauzi wanachofua, na wauzao hawaishi kwa fedha hiyo. Wanafua kwa kupenda tu. Mwaka 1973 watu wasiotimia thelathini walikutana Lumpkin, katika jimbo la Georgia, wakaunda chama cha wahunzi wa Marekani ya Kaskazini, na chama hicho kingali hai hata leo.

Msomaji ana haki ya kutuuliza: yatuhusu nini sisi burudani za watu walioshiba? Yatuhusu, ndugu, kwa sababu watu hao, pamoja na shibe yao, walikutana na shida ile ile inayomkabili kijana wa kwetu atakaye kufua chuma: hana fuawe. Na namna walivyoitatua ina mafunzo ambayo fundi wa Gerezani au wa Kamukunji aweza kuyatumia kesho asubuhi bila kumwomba mtu mkopo.

Kwanza tuseme kwa nini fuawe ni adimu. Zamani Uingereza ilikuwa na viwanda vilivyofanya kazi hiyo tu. Mjini Dudley alikuwako Peter Wright, na Sheffield palikuwa na kiwanda cha Mousehole, kilichofungwa mwaka 1933. Mafuawe yao yalikwenda kila pembe ya dunia. Yalifanywa kwa chuma laini, kisha juu yake kikaungwa kwa moto na nyundo kibao cha pua chenye unene wa nusu inchi hivi, ili uso uwe mgumu na tumbo liwe stahimilivu. Ubavuni yalipigwa tarakimu tatu, ambazo mpaka leo huwababaisha wanunuzi. Tarakimu ya kwanza huhesabu ratili 112, ya pili huhesabu robo zake, yaani ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizosalia. Kwa hiyo fuawe lenye alama 1, 2, 14 si ratili 1,214, kama wachuuzi wengine wasemavyo kwa ujinga au kwa hila, bali ni ratili 182, ambazo ni kama kilo 83.

Basi motokaa ilipochukua mahali pa farasi, na viwanda vikafanya kwa mashine kila kilichokuwa kikifanywa kwa mkono, mahitaji yakapungua na viwanda vya mafuawe vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mafuawe ya zamani yaliyosalia leo hugombaniwa na wahunzi wa jioni pamoja na watu wengine ambao hatuwezi kuwasifu: wale wayanunuao kuwa pambo la sebuleni, yasiguswe na nyundo tena. Fuawe jipya lenye kilo 100 hupita dola 1,000 za Kimarekani. Kwa karani wa Ohio hilo ni deni zito. Kwa kijana wa kwetu ni ndoto.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Miongoni mwa walioifungua macho Marekani alikuwa Alexander Weygers, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1901, akasomea uhandisi wa meli, kisha akahamia California, ambako alikuwa mchongaji sanamu na mfua zana hata alipofariki mwaka 1989. (Mtu huyo alipata pia hataza ya chombo cha kuruka chenye umbo la kisahani, mwaka 1945, hakikuruka kamwe, lakini hilo halimpunguzii kitu.) Katika miaka ya sabini alitoa vitabu vitatu mfululizo juu ya kutengeneza zana. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba pua bora kabisa haipo dukani: imelala katika makaburi ya magari. Springi, ekseli, fimbo za mashine, vyote vilikwisha kulipiwa na mtu mwingine. Kinachotakiwa ni jicho la kuvitambua na mkono wa kuvigeuza.

Sasa tulifikie fuawe lenyewe. Wengi hudhani kuwa fuawe ni lile umbo linalochorwa vitabuni, lenye pembe mbele na kiuno chembamba. Sivyo. Mwaka 1936, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, mkulima aliyekuwa akilima shamba aligonga kwa plau sanduku la zana za fundi aliyeishi miaka elfu iliyopita. Ndani yake, pamoja na nyundo, koleo na misumeno, mlikuwa na fuawe dogo lisilo na pembe wala mbwembwe, kama tofali tu. Wafua panga wa Japani nao wamefanya kazi yao iliyosifiwa ulimwenguni juu ya mche wa pua usio na pembe. Fuawe si umbo, bali ni uzito, ugumu na utulivu mahali pamoja, na mahali hapo ni chini ya nyundo.

Tafakarini jambo hili. Nyundo ikishuka, nguvu zake lazima ziende mahali. Ikiwa kilicho chini ni kizito na kigumu, hukataa kuondoka, na chuma chenye moto kilichobanwa katikati hakina budi kutanuka. Lakini ikiwa kilicho chini chabonyea na kurudi kama kitanda cha kamba, nguvu humezwa na kitanda, na fundi hupiga mara kumi kwa kazi ya mapigo sita. Jioni mkono wamwuma, naye adhani ni uzee.

Reli ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kipande cha reli ni pua nzuri: reli za siku hizi zina kaboni karibu sehemu saba au nane katika kila elfu, nazo zimetengenezwa kustahimili magurudumu ya tani nyingi. Ndiyo maana kila fundi, huku na huko, huikimbilia. Lakini wengi huilaza, kama ilivyokuwa imelala njiani, wakapiga juu ya kichwa chake. Chini ya kichwa pana kiuno chembamba, na chini ya kiuno pana wayo mpana uliokaa hewani ikiwa gogo si sawasawa. Kiuno hicho hufanya kazi ya springi. Pigo lapotea, na reli yalia kengele ya kupasua masikio.

Wahunzi wa jioni waliijaribu hivyo, hawakuridhika, wakaisimamisha wima. Kipande kile kile cha nusu mita, kikisimama juu ya ncha yake, huleta uzito wake wote chini ya nyundo. Uso wa kupigia huwa mdogo, haupiti upana wa vidole vichache. Hapo ndipo mgeni hucheka. Lakini uso wa nyundo yenyewe ni mpana kiasi gani? Ni mdogo kuliko huo. Chuma kinachofuliwa hakiguswi ila pale nyundo inapopiga, na fuawe pana sehemu yake kubwa ni mahali pa kuwekea koleo. Zaidi ya hayo, ncha ya reli iliyosimama ina sehemu tatu, na fundi mwerevu huzifanyia kazi zote: kichwa huwa fuawe, kiuno husuguliwa kikawa mviringo wa kunyooshea chuma, na ncha ya wayo hunolewa ikawa tindo ya kukatia. Zana tatu katika kipande kimoja.

Kisha huzikwa chini yake ndani ya gogo, au katika ndoo ya mchanga au zege, mpaka kisitikisike. Urefu wake ni kwamba fundi akisimama wima na mikono ikining'inia, vifundo vya ngumi viguse uso wa fuawe. Ukiwa chini zaidi mgongo hupinda. Ukiwa juu zaidi bega huumia.

Reli si peke yake. Uma wa foklifti uliokatwa vipande ni pua njema sana. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kikizikwa katika gogo hadi shingoni, chatosha kwa visu na patasi. Hata kipande kinene cha ekseli ya lori kikisimamishwa huweza kazi. Kupima ugumu, hudondoshwa gololi ya beringi kutoka inchi 10: ikirudi inchi 7 au 8, pua ni nzuri, ikianguka puu na kulala, hicho ni chuma laini kilichovaa joho la fuawe. Kadhalika jiko lao hawalinunui. Wengi hutumia drumu la breki la lori, na mvukuto wao ni kile kipepeo cha umeme ambacho mabibi hukaushia nywele.

Yapo mambo ambayo watu hao wamejifunza kwa kuumia. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba na mabati, hakitiwi motoni, kwani moshi wake huleta homa, na ukizidi waweza kuua. Shokomzoba iliyozibwa ikipata moto hupasuka kama bomu. Nyundo ngumu haipigwi juu ya ukingo mgumu wa fuawe, maana kibanzi kirukacho hakichagui jicho la kuingia. Na mwenye bahati ya kupata fuawe la zamani asilipeleke kwenye mashine likasawazishwe uso: kile kibao cha pua ni chembamba, na kila kinachoondolewa leo hakirudi.

Twarudi nyumbani sasa, na hapa pana jambo la kutuliza moyo. Ujuzi wa kutumia kilichopo haukuletwa kwetu kwa meli. Wahunzi wa nchi hizi walifua majembe na mikuki juu ya mafuawe ya mawe. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu; Wahaya walikuwa na tanuri zao, na uchunguzi wa wataalamu katika miaka ya sabini ulionyesha kuwa uyeyushaji kule Buhaya ulianza karibu miaka elfu mbili iliyopita; huko Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Majembe ya ng'ambo yaliizima tanuri, lakini hayakuizima nyundo. Mhunzi aliacha kuyeyusha mawe, akaanza kufua vyuma vikuukuu. Springi ya lori ikawa panga, na reli ikachukua mahali pa jiwe.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Karani wa Ohio akichoka huweka nyundo chini akaenda kula. Fundi wa jua kali nyundo yake ndiyo chakula. Kwa hiyo hatusemi kwamba amwige mwenzake kwa kila kitu. Tunasema kwamba akiwa na reli iliyolala, aisimamishe. Akiwa amepinda mgongo juu ya fuawe lililo usawa wa kifundo cha mguu, aliinue juu ya gogo, ila kama kazi yake ni ile ya kufanywa kwa kukaa, nayo ina heshima yake. Na miwani ya macho na vizibo vya masikio asivione kuwa ni anasa.

Limebaki swali gumu. Reli hiyo imetoka wapi? Reli iliyo njiani, na hata iliyolala kando ya njia, ni mali ya umma, na anayeing'oa huhatarisha maisha ya abiria asiowajua. Huko Marekani pia, kipande kilichotupwa kando ya njia kingali mali ya shirika la reli, na kukiokota ni wizi. Madhara ya wizi huo huwarudia mafundi wenyewe. Mwezi Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na Kenya nzima kuingia gizani, serikali ya huko ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Fundi ambaye hakupata kuiba hata msumari alifungiwa mlango pamoja na mwizi, mpaka marufuku ilipoondolewa, miezi michache baadaye, kwa masharti ya leseni.

Sisi twaona dawa si kuwafukuza mafundi wala kufumba macho. Reli huchakaa na kubadilishwa kila siku, na zile kuukuu huuzwa kwa tani, mahali ambapo mwenye kuhitaji kilo 20 hawezi hata kusogea mlangoni. Kwa nini mashirika ya reli yasitenge sehemu ndogo, ikatwe vipande vya nusu mita, vipigwe alama, viuzwe kwa vyama vya ushirika vya mafundi na shule za ufundi pamoja na stakabadhi? Polisi akiuliza, stakabadhi hii hapa. Reli ya TAZARA ina uzito wa kilo 45 kwa mita. Nusu mita ni kilo 22 na nusu. Kipande kimoja cha mita 12 ni mafuawe 24.