Pikipiki ya mzigo: rekebisha breki na mizani kabla ya kutafuta nguvu

Ukisimama kijiweni Kasansa msimu wa mavuno ya mpunga, ni nadra kuona pikipiki iliyobaki kama ilivyotoka dukani. Hii imechomelewa keria ya nondo, ile imefungwa sproketi kubwa nyuma, nyingine imekatwa ekzosi ili ingurume. Kila mmoja ana sababu yake. Mzigo ni mkubwa, njia za Mpimbwe ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na hesabu ya bosi haingoji.

Kurekebisha pikipiki si jambo baya. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 tunazoziona huku zilitengenezwa kubeba dereva, abiria mmoja na mzigo kidogo, wala aliyezitengeneza hakuwaza magunia ya mpunga kwenye udongo mweusi wa Bonde la Rukwa. Shida inakuja pale pesa ya kwanza inapokwenda kwenye nguvu na mwendo, huku breki, shokapu na matairi vikisubiri "nikipata". Makala haya yanaeleza mpangilio ulio salama zaidi: kwanza isimame, kisha ishike njia, mwisho ndipo ivute.

Kwanza isimame

Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Mbuzi akikatiza ghafla, ile sekunde moja ya kushtuka inapita kabla hujagusa breki, na tayari umeshakwenda mita 17. Halafu kuna hesabu nyingine: mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha unaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayeongeza mwendo bila kugusa breki anajipunguzia nafasi ya kupona.

Jambo hili linatuhusu sana watu wa huku. Barabara ya kutoka Kibaoni kwenda Sitalike na Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wanyama hawapigi honi kabla ya kuvuka. Ukivunjika mguu huku kwetu, safari ya kufika hospitali ya mkoa ni ndefu.

Mwambie fundi afungue breki zote mbili, apanguse vumbi, abadilishe breki shuu zilizolika na kupaka oili waya wa breki ya mbele. Wapo wanaoilegeza breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka. Hilo ni kosa. Unapofunga breki uzito wa pikipiki hukimbilia mbele, na kwenye njia kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ibane taratibu, pamoja na ya nyuma. Kwenye tope au mchanga, tumia zaidi ya nyuma, na uanze kupunguza mwendo mapema.

Breki za ndani ya rimu zikiingia maji huteleza. Ukimaliza kuvuka mto au mfereji wa shamba, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke, ndipo uongeze mwendo.

Uzito ukae wapi

Hapa ndipo keria nyingi za kuchomelea zinapoharibu mambo. Mzigo uliokaa juu ya ekseli ya nyuma unabebwa na tairi la nyuma. Ukiusogeza nyuma ya ekseli, unafanya kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao: upande wa pili unanyanyuka.

Chukua mfano. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 130, na gunia la kilo 100 limekaa sentimita 30 nyuma ya ekseli. Gunia hilo linaondoa karibu kilo 23 kwenye tairi la mbele. Kama tairi la mbele lilikuwa limebeba kilo 75, sasa limebaki na kilo 52. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inayumba, na breki ya mbele haina cha kukamata. Gunia hilohilo likisogezwa mbele hadi likae juu ya ekseli, hasara hiyo inaisha.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mzigo ukikaa juu sana, kila kona na kila shimo linauvuta pembeni. Ni afadhali mifuko miwili iliyoning'inia pande zote, kila upande uzito sawa, kuliko mmoja uliosimama juu ya kiti.

Hata viwanda vikubwa vimepitia somo hili. Kiwanda cha Moto Guzzi cha Italia kilikuwa na pikipiki nzito ya V7, yenye dinamo iliyokaa juu ya injini. Mhandisi Lino Tonti alipotaka kuifanya ishike njia vizuri, aliihamisha sehemu hiyo ya kuzalisha umeme na kuiweka mbele ya injini, akapata nafasi ya kuunda fremu mpya iliyo chini na imara zaidi. Pikipiki iliyotokea, V7 Sport ya mwaka 1971, ilisifiwa kwa kutulia barabarani. Injini ilisaidia, lakini kushusha kimo na kuimarisha fremu ndiko kulikoifanya itulie hivyo.

Keria ikichomelewa, ishikwe sehemu nne, isitegemee bomba moja la nyuma ya kiti. Fundi atoe waya wa betri kabla ya kuchomelea ili asiunguze vifaa vya umeme. Kila wiki angalia kama kuna ufa karibu na sehemu iliyochomelewa. Ufa mdogo ukiuacha, siku moja keria inakatika njiani.

Shokapu na matairi

Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito, na oili iliyo ndani inazuia springi isirukeruke. Ukiweka springi ngumu kwenye shokapu iliyoisha oili, pikipiki haitazama, lakini itadunda kama mpira, na tairi linapokuwa hewani halina breki wala kona. Shokapu za nyuma zikichoka, nunua mbili kwa pamoja. Nyingi zina sehemu ya kuzungusha chini ya springi: kaza ngazi moja au mbili unapobeba mzigo, na pande zote ziwe sawa.

Shokapu za mbele husahaulika kabisa. Ukiona oili inavuja kwenye miguu yake, sili zimeisha. Kubadilisha sili na oili, kwa kipimo kilekile pande zote mbili, ni kazi ya bei ndogo inayoweza kurudisha utulivu uliodhani umepotea na umri. Fundi akague pia golori za shingo ya usukani. Ukishika breki ya mbele na kusukuma pikipiki ukasikia "tok tok", zimelegea.

Tairi lenye meno makubwa linasaidia kwenye tope, lakini kwenye lami linagusa chini kwa sehemu ndogo, hasa kukiwa na mvua. Fuata upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako, ambao kwa mzigo huwa zaidi kidogo kwa tairi la nyuma.

Mwisho ivute

Kuongeza nguvu ya kupanda mlima au kutoka kwenye tope hakuhitaji kugusa injini. Hesabu meno ya sproketi. Kama ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42, gawanya 42 kwa 15: unapata 2.8. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45, unapata 3.0. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa karibu asilimia 7, na mwendo kwa mzunguko uleule wa injini unapungua karibu hivyohivyo. Ukiacha ya nyuma na kubadili ya mbele iwe na meno 14, unapata 3.0 ileile. Lakini ukizidisha, injini itapiga kelele na kula mafuta kwenye njia nzuri. Badilisha sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja, maana cheni iliyochoka hula meno mapya.

Kukata ekzosi hakuongezi nguvu ya maana kwenye injini ndogo. Hewa na mafuta vinaweza kupoteza uwiano, injini ikachemka, na mama mwenye mtoto mchanga akakulaani kila alfajiri. Kutoa eya klina ni kubaya zaidi. Vumbi la kiangazi linaingia moja kwa moja kwenye pistoni, na baada ya muda unaanza kuona moshi.

Kama pikipiki ni ya mkataba

Zungumza na mwenye pikipiki kabla ya kuchomelea au kubadili chochote, na mkubaliane nani analipa. Vijana wengi wamegombana na mabosi mkataba ukikaribia kuisha kwa sababu ya keria. Na kumbuka kwamba hata ukiimarisha pikipiki, abiria anayeruhusiwa ni mmoja, mwenye kofia ngumu kama wewe.

Leo kabla hujaondoka na mzigo, fanya jambo moja. Shika usukani ujaribu kuunyanyua, kwanza pikipiki ikiwa tupu, kisha ikiwa imepakiwa. Ukiona mbele pamekuwa pepesi, fungua kamba, sogeza gunia mbele, funga tena. Ni dakika tano tu, na hazilipiwi kwa fundi yeyote.