Ukuta wa gare: tuulize ndani iko nyuzi gani

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na vijana wa mine, mtu anaweza kusema mambo ya kuta za gare si mambo yetu. Sisi tuko chini ya udongo, wao wanajenga juu. Lakini kila kitu kinachojengwa kimetoka kwanza ku shimo, na vumbi ya shimo inakifuata mpaka mwisho.

Hapa Kisangani msafiri iko na milango mitatu mikubwa: bandari ya mto, uwanja wa ndege wa Bangoka, na gare ya ng'ambo ya kushoto, kule Lubunga, mwanzo wa reli ya kilomita 125 ya kwenda Ubundu, iliyofunguliwa 1906. Siku majengo kama haya yatatengenezwa upya, tujue kwanza kitu ambacho wajenzi wa gare za leo wanapenda: mbao za beto yenye nyuzi za kioo.

Zamani simenti ilitiwa nyuzi za amianti. Ndiyo eternit, iliyovumbuliwa na Ludwig Hatschek wa Austria karibu mwaka 1900. Ilikuwa nyepesi, haikuungua, haikuoza. Ilifunika gare, hospitali na nyumba za wafanyakazi dunia nzima. Waliolipa bei ni wachimbaji. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walitangaza wagonjwa 33 wa kansa ya utando wa mapafu, wengi wao watu wa upande wa machimbo ya amianti ya Afrika Kusini. Wengine hawakushuka hata siku moja ku mine: waliishi tu karibu, ama walicheza mule wakiwa watoto. Ugonjwa huo unaweza kulala miaka 30 ama 40 mbele ya kuamka. Wachimbaji wa kule waliipeleka kampuni Cape mpaka mahakama ya London, na 2003 wagonjwa 7,500 hivi wakapata malipo. Afrika Kusini ilikataza amianti 2008.

Sasa, juu ya nini kioo? Kioo cha kawaida hakiwezi, maana simenti inakila pole pole. Wakati wa miaka ya 1960 wataalamu wa Uingereza walipata dawa: kuchanganya kioo na zirkonia, karibu sehemu 16 kwa 100. Zirkonia inatoka ku madini ya zirkoni, mchanga mzito kama ule uliochimbwa Kwale, pwani ya Kenya, mpaka mwisho wa 2024. Mnaona? Hata hapa mchimbaji yuko.

Ubao wenyewe iko na unene wa milimita 10 mpaka 15. Mita moja ya mraba inabeba kilo 25 hivi, pahali ubao wa beto wa sentimita 10 unabeba kilo 240. Wanachanganya simenti, mchanga, maji na nyuzi, wanapuliza ndani ya kalibu, wanakandamiza kwa mkono. London, njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa 24 Mei 2022, imefunika kuta za gare zake za chini ya udongo kwa mbao hizi. Nyingi zina matundu madogo, ili kelele imezwe na msafiri asikie matangazo.

Kwetu faida iko: haziungui, wadudu hawazili, mvua haiziozeshi. Lakini tusidanganyike. Ubao huu ni nguo ya nyumba, si mifupa yake. Haubebi paa. Unaning'inia ku vyuma, na kwa unyevu wetu vyuma vile vikishika kutu, ubao utaanguka juu ya watu walio ku foleni. Kwa hiyo vyuma viwe vya kutoshika kutu.

Nyuzi za kioo ni nene kuliko za amianti, na hazipasuki kwa urefu kuwa nyembamba zaidi. Ni afadhali sana. Lakini ndani ya ubao mchanga ungalipo. Fundi akiukata na mashine bila maji, vumbi ya kwarzi inaruka, ile ile inayotoboka mwamba ku mine na kuharibu mapafu ya wenzetu. Ugonjwa ni mmoja, shimo ama gare.

Basi sendika za mine na za wajenzi ziulize mambo matatu mbele ya kazi kuanza. Moja: mbao zikatwe ku kiwanda, na zikikatwa hapa, maji na kinyago kizuri viwepo? Mbili: vijana wa Kisangani watafundishwa kupuliza na kutengeneza kalibu, ao watabeba tu mizigo? Tatu: eternit ya zamani ikibomolewa, itakwenda wapi?

Hilo la tatu ni la nyumba zetu. Eternit ya zamani, ikiwa nzima, iache. Usiitoboe, usiivunje, usiifagie kavu. Ikibidi kuiondoa, ilowanishe kwanza, uifunge vizuri. Usiibebe nyumbani kufunika jiko ao banda la kuku, hata wakikupa bure. Na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Kujenga tunataka. Watu wa Tshopo wanastahili gare nzuri kama wa London. Lakini jengo lisilouliza vumbi yake inaingia kifua cha nani, sisi tunalijua: tumelizika mara nyingi.