Vitabu vya Kitibeti: Soko Dogo, Deni Kubwa

Biashara ya vitabu vya Kitibeti uhamishoni inakwamishwa kwanza na hesabu. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Watibeti walio nje ya nchi yao walikuwa wapatao 128,000, wengi wakiishi India na Nepal. Mwandishi, mhariri, mchoraji na mpangaji kurasa hulipwa kiasi kilekile, kitabu kichapwe nakala 1,000 au 100,000. Kwa soko dogo namna hiyo, bei halisi ya kitabu cha darasa la kwanza ingemshinda mzazi. Kwa hiyo wachapishaji waliodumu ni wale waliopata mtu wa kubeba gharama mapema.

Desturi hiyo ni ya zamani. Nyumba ya uchapaji ya Derge, mashariki mwa Tibet, ilianzishwa mwaka 1729 na mtawala wa eneo hilo, na hadi leo inahifadhi mbao za kuchapia zaidi ya 200,000 zilizochongwa kwa mkono. Dalai Lama alipokimbilia India mwaka 1959, pamoja na maelfu ya watu wake, mlipaji mpya alitokea pasipotarajiwa. India ilikuwa ikinunua nafaka za Marekani kwa rupia, na sehemu ya fedha hizo ilinunulia maktaba za Marekani vitabu. Gene Smith, aliyejiunga na ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani mjini New Delhi mwaka 1968, alihimiza vya Kitibeti vinunuliwe. Mtawa aliyevuka Himalaya na maandiko adimu aliweza kuyachapa akijua kwamba baadhi ya nakala zina mnunuzi. Oda hiyo ya maktaba iliokoa maandiko mengi yasipotee.

Njia ya pili ya kupata mlipaji ni Kiingereza. Kampuni ya uchapishaji ya Snow Lion, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kununuliwa na kampuni ya Shambhala mwaka 2012, ilijenga soko kwa wasomaji wa Magharibi wanaopenda Ubuddha. Njia ya tatu ni teknolojia: herufi za Kitibeti ziliingizwa katika Unicode, mfumo wa herufi za kompyuta, miaka ya 1990, na mwaka 1999 Smith alianzisha kituo cha kuhifadhi maandiko kidijitali.

Anayebaki nyuma ni mtoto wa shule. Sera ya elimu ya mwaka 2004 ya utawala wa uhamishoni iliweka Kitibeti kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Uamuzi huo unadai vitabu vya hesabu na sayansi, vyenye istilahi zilizokubaliwa na walimu wote. Wakati huohuo familia zinahamia Ulaya na Amerika Kaskazini, madarasa ya India yanapungua, na kila nakala inazidi kuwa ghali. Watoto waliohama nao wanahitaji vitabu vya aina nyingine, kwa kuwa Kitibeti wanajifunza mwishoni mwa wiki tu.

Wafadhili wamezoea kulipia maandiko ya kale na tafsiri za Kiingereza, na wamefanya kazi ya heshima. Lakini hazina hiyo yote itahitaji wasomaji miaka 50 ijayo, na wasomaji hao hutengenezwa na kitabu cha darasa la kwanza. Mfadhili akiweka oda ya miaka mitano au kumi ya vitabu vya shule, mchapishaji ataweza kuajiri waandishi na wachoraji wa kudumu. Oda iliyookoa maandiko ya wazee inaweza kuwalea pia wasomaji wake.