Nguzo ya Tembe Izae Mwanasesere

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mtu apitaye leo katika vijiji vya Ikungi, mkoani Singida, aweza kuiona akiba ikigeuka majivu mbele ya macho yake. Nyumba za tembe, zilizowahifadhi Wanyaturu kwa vizazi vingi, zabomolewa ili mahali pake zisimame za matofali na mabati. Hilo si la kulaumu, maana kila mtu apenda nyumba isiyovuja. La kusikitisha ni mwisho wa miti yake. Nguzo zilizobeba paa la udongo tangu enzi za babu, boriti zilizogeuzwa nyeusi na moshi wa jikoni, vinu vilivyopasuka na mizinga ya nyuki iliyochakaa, vyote hupasuliwa kuni, na siku chache za kupika zatosha kuvimaliza.

Wakati huo huo mtoto wa nyumba ile ile hununuliwa mnadani mwanasesere wa plastiki, mwenye nywele za manjano na macho ya buluu, aliyetoka ng'ambo. Akivunjika mguu hana fundi wa kumtibu; hutupwa jaani, na plastiki yake haiozi wala haina faida. Basi twauliza: je, hapana njia ya kuukutanisha mti wa babu na mchezo wa mjukuu?

Njia ipo, wala si ngeni katika nchi yetu. Wazaramo wa pwani wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ikaayo kiganjani, isiyo na mikono wala miguu, yenye kichwa kilichosukwa nywele kwa mafungu mawili. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti huyo, akamtunza kama mtoto wake, na kwa kumtunza akafundwa ulezi. Bibi Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Finland aliyekaa Bunju karibu na Dar es Salaam, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Hatusemi Mnyaturu amwige Mzaramo, kwani mwana hiti ana heshima yake ya unyago, naye si kichezeo. Twasema tu kwamba kipande kidogo cha mti chaweza kubeba elimu kubwa.

Wengine watadhani mti wa zamani ni wa kutumiwa na asiye na uwezo wa kupata mpya. Sivyo. Mti mbichi umejaa maji. Yakipungua hata kubaki kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, mti huanza kusinyaa, nao husinyaa zaidi kwa kufuata mviringo wa shina kuliko kuelekea kiini. Ndiyo sababu kinyago kilichochongwa kwa haraka hupata ufa usoni kabla ya mwezi kwisha. Nguzo ya tembe imekwisha kusinyaa zamani. Nyufa zake zaonekana, na fundi ajua pa kuzikwepa. Zaidi ya hayo, kila nguzo itumiwayo upya ni mti mmoja uliosalimika porini.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Kwanza nguzo igongwegongwe. Ikilia kama debe tupu, ujue mchwa wamekwisha kula ndani. Sehemu iliyokuwa imefukiwa ardhini ikatwe itupwe, na misumari yote ing'olewe, kwani msumari mmoja waweza kuharibu tezo na hata jicho la fundi. Kisha kipande kikatwe kwa msumeno kando ya kiini, nyuzi za mti zikienda kutoka kichwani hadi miguuni. Shingo ikikatiza nyuzi, itavunjika siku ya kwanza ya mchezo. Mikono nayo ilale ubavuni, isichomoze. Tezo huondoa mwili wa nje, patasi hufungua shingo na mabega, kisu hutafuta pua na midomo, kisha tupa na msasa humaliza. Macho yachomwe kwa ncha ya chuma cha moto. Shanga za kubandika zisitumiwe, maana zikibanduka mtoto huzimeza au humkaba.

Katika rangi ndipo penye hatari kubwa, na hapo twaomba wasomaji wasikilize vema. Mbao ya mlango au dirisha iliyopakwa rangi zamani yaweza kuwa na risasi ndani ya rangi hiyo. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye aumiaye zaidi, kwa kuwa sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua. Mbao ya namna hiyo isipigwe msasa wala isifanywe kichezeo kamwe. Hata rangi mpya ya dukani inunuliwe ile tu iliyoandikwa kuwa haina risasi.

Lakini kwa nini twende mbali? Michoro ya miambani ya Kondoa, jirani zetu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, imo iliyochorwa kwa udongo mwekundu, na ingali yaonekana. Ikungi ina udongo mwekundu, ina mkaa wa kutoa weusi, na ina alizeti. Udongo uliosagwa na kuchekechwa, ukachanganywa na mafuta ya alizeti kidogo, hupakwa kwa kitambaa na kufutwa ziada. Mafuta hayo hukauka polepole, hivyo mwanasesere aanikwe siku nyingi kabla ya kukabidhiwa mtoto. Udongo usichukuliwe kamwe mahali dhahabu inapooshwa, kwani huenda una zebaki.

Wazee wajuao kushika tezo wangalipo Sepuka, Ihanja na Mungaa, lakini hawatakuwapo daima. Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza kutumika mwaka 2024, wataka vijana wafundishwe amali. Yafaa basi walimu wawaalike wazee hao darasani, na kila abomoaye tembe aweke kando japo nguzo moja kabla shoka halijaifikia. Mtoto atakayembeba mgongoni mwanasesere aliyetoka katika nyumba ya babu yake hatahitaji kuambiwa alikotoka. Atakuwa amekushika kwa mikono yake.